Mtoto wa selimundu anatibiwa, mbona darasani anachelewa?

Baada ya kipindi chetu cha afya kuhusu selimundu, ugonjwa ambao wengi mjini na vijijini wanauita sikoseli, tulipata ujumbe mwingi. Wengi waliuliza dawa inapatikana wapi na kipimo ni shilingi ngapi. Mama mmoja wa Akheri aliuliza jambo jingine. Alisema mwanawe anatibiwa, kliniki haikosi, na tangu mwaka jana hajalazwa. Lakini kila akienda shuleni mwalimu anamwambia kwamba mtoto "ni mzito". Mama akauliza: hivi ugonjwa wa damu unaweza kuingia kichwani?

Jibu fupi ni ndiyo. Unaweza kuingia, na mara nyingi unaingia kimya kimya, mtoto asianguke wala asilalamike. Jibu refu ndilo tunaloliandika hapa, kwa sababu linagusa jambo ambalo katika mijadala ya afya nchini bado halijapewa nafasi yake. Tukihesabu mafanikio ya matibabu ya magonjwa ya kurithi, tunahesabu watoto waliobaki hai. Hilo ni sawa, kwa kuwa kabla ya hapo walikuwa wanakufa. Makadirio yanayotumika sana yanasema kwamba barani Afrika, nusu au zaidi ya watoto wanaozaliwa na selimundu hufariki kabla ya kufikisha miaka mitano wasipogunduliwa na kutibiwa. Lakini mtoto aliyevuka miaka mitano anakwenda shule, na huko hakuna anayemfuatilia kujua ugonjwa umemwachia nini.

Ugonjwa wenyewe kwa kifupi

Chembe nyekundu za damu zimejaa himoglobini, ndiyo inayobeba hewa ya oksijeni. Mtoto mwenye selimundu amerithi kasoro moja ndogo mno kwenye himoglobini hiyo, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Chembe zake zikiishiwa oksijeni hujikunja kama mundu wa kukatia majani, hukakamaa, hukwama kwenye mishipa midogo, na hufa mapema. Kwa hiyo kuna mambo mawili kwa wakati mmoja: mishipa inaziba, na damu ni pungufu siku zote.

Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hana ugonjwa, ila anaubeba. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa mtoto mgonjwa. Tunasisitiza "kila mimba", maana tumeshasikia mtu akisema kwamba kwa kuwa wa kwanza aliugua, watatu wanaofuata wako salama. Hesabu haiendi hivyo.

Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wakiwa na selimundu, idadi inayoiweka nchi yetu miongoni mwa zile zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Kanda ya Ziwa na Pwani ndiko waliko wengi. Huku miteremko ya Meru na Kilimanjaro ni wachache, na sababu inajulikana tangu mwaka 1954, pale Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alipoonyesha kwamba mbebaji wa selimundu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kulikokuwa na malaria nyingi kwa karne nyingi, vinasaba hivi vilibaki vingi. Milimani kwenye baridi, mbu walikuwa wachache, na vinasaba pia.

Wengine wangefurahia uchache huo. Sisi tunaona una hasara yake. Arusha ni mji wa wahamiaji. Nenda soko la Tengeru siku ya Jumamosi usikilize lafudhi: kuna Msukuma, Mhaya, Mdigo, Mnyiramba, kuna aliyetoka Tanga na aliyetoka Mwanza, na watoto wao wanazaliwa hapa. Mhudumu wa zahanati anayekutana na ugonjwa huu mara chache huchelewa kuufikiria. Mtoto wa miezi minane akija vidole na nyayo zimevimba, anapewa dawa ya maumivu. Akija mwaka wa pili damu imepungua, anapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Nyumbani nako bibi anasema ni baridi yabisi, jirani anasema kuna mkono wa mtu. Miaka mitatu au minne inapita, na hiyo ndiyo miaka ambayo ubongo unajengwa.

Ubongo unaokula karibu nusu ya nishati

Ubongo wa mtoto una njaa kubwa. Watoto wa miaka mitano hivi hutumia kwenye ubongo karibu nusu ya nishati yote ya mwili. Nishati hiyo inahitaji oksijeni, na oksijeni inakuja na damu. Sasa fikiria mtoto ambaye damu yake, kwenye kipimo cha himoglobini, inasoma 7 au 8 ilhali mwenzake anasoma 12. Ubongo haukubali kulala njaa, kwa hiyo mwili unaongeza kasi: damu inasukumwa kichwani mbio mbio ili kufidia upungufu. Kwa miaka kadhaa inasaidia. Baadaye kuta za mishipa mikubwa ya kichwa zinaumia, zinanenepa, njia inakuwa nyembamba, na siku moja upande mmoja wa ubongo unakosa damu. Hicho ni kiharusi, na ndiyo, watoto wadogo wanakipata. Utafiti mkubwa wa Marekani, uliofanywa kabla ya kinga za sasa, ulionyesha kwamba mtu 1 kati ya 9 mwenye aina kali ya selimundu alikuwa ameshapata kiharusi kabla ya miaka 20.

Kiharusi kinaonekana. Mdomo unapinda, mkono unakosa nguvu, mtoto anashindwa kuongea. Kinachotupa wasiwasi zaidi ni kile kisichoonekana. Kuna vidonda vidogo vya ubongo ambavyo havileti dalili yoyote ya nje, vinaonekana kwenye picha ya MRI peke yake. Madaktari wanaviita viharusi vya kimya. Watoto waliofuatiliwa Ulaya na Marekani kwa picha hizo wameonyesha kwamba zaidi ya theluthi ya wenye aina kali huwa wameshapata kidonda cha namna hii kufikia ujana. Mtoto anacheza mpira vizuri kabisa, anachekesha wenzake, anafanya kazi za nyumbani. Ila hesabu ya hatua tatu inampotea katikati, na akiambiwa mambo manne kwa pamoja anakumbuka mawili.

Mwaka 2016 watafiti walikusanya tafiti nyingi za vipimo vya akili vya watoto wenye selimundu na kuzijumlisha. Kwenye vipimo hivyo wastani wa watu ni 100. Waliopata kiharusi kilichoonekana walikuwa chini ya wenye kiharusi cha kimya kwa pointi 10 hivi. Wenye kiharusi cha kimya walikuwa chini ya wasio na kidonda chochote kwa pointi 6. Hadi hapo hakuna la kushangaza. La kushangaza ni la tatu: wenye selimundu ambao picha za ubongo wao zilikuwa safi kabisa, nao walikuwa chini ya watu wasio na ugonjwa kwa pointi 7.

Kwa hiyo hata pasipo kidonda kuna kinachopotea. Upungufu wa damu wenyewe, usiku wa oksijeni kidogo, homa, maumivu, siku za kukosa shule, vyote vinachangia. Pointi 7 hazimfanyi mtoto ashindwe kusoma. Zinamfanya ahitaji dakika 15 pale mwenzake anapohitaji 10. Kwenye darasa la watoto 70 na kengele inayopigwa kwa wakati, dakika hizo 5 hazipo.

Hapa nyumbani kuna kazi ambayo tunaiheshimu sana. Chuo Kikuu cha Muhimbili kilianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu, mpango ulioongozwa na Profesa Julie Makani, ambaye shule ya msingi aliisoma hapa hapa Arusha, St Constantine's. Ndani ya mpango huo baadhi ya watoto walipigwa picha za MRI na kupimwa mishipa ya kichwa, na wakapewa vipimo vya akili. Cha kuvutia ni nani waliolinganishwa nao: ndugu zao wa tumbo moja wasio na ugonjwa. Ni busara. Ndugu anakula ugali ule ule, analala nyumba ile ile, anasoma shule ile ile. Ukimlinganisha mtoto wa Tandale na mtoto wa London utakuwa umepima umaskini. Ukimlinganisha na kaka yake, unapima ugonjwa.

Somo kutoka ugonjwa mwingine

Wazo la kulinganisha ndugu kwa ndugu lina historia, na historia hiyo inatusaidia kuelewa nini kinawezekana. Inabidi twende mbali kidogo, hadi Norway mwaka 1934.

Mama mmoja huko alikuwa na watoto wawili waliozaliwa wazima na kisha akili zao zikadumaa. Alimsumbua kila daktari kwa swali moja: mbona mkojo wa wanangu unanuka namna hii? Daktari Asbjørn Følling alimsikiliza, akapima mkojo, na akagundua kwamba watoto wale hawakuwa na uwezo wa kuvunjavunja kirutubisho kimoja kilichomo kwenye protini ya kawaida, nyama, maziwa, maharage. Kilijilimbikiza mwilini na kuunguza ubongo taratibu. Ugonjwa huo wa kurithi unaitwa fenilketonuria. Kwa watu wa asili ya Afrika ni nadra sana, huko Ulaya ni mtoto 1 kati ya 10,000 hivi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Birmingham, Uingereza, Horst Bickel na wenzake walitengeneza chakula kisicho na kirutubisho hicho. Kikamsaidia mtoto, lakini alikuwa ameshachelewa: ubongo ulioharibika haukurudi. Suala likawa kumpata mtoto kabla hajaharibika, akiwa na siku chache tangu azaliwe, wakati hana dalili yoyote. Ndipo Robert Guthrie wa Marekani, ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye ulemavu wa akili, alipobuni njia ya kuchoma kisigino cha kichanga, kudondoshea damu kwenye karatasi nene, kuiacha ikauke, na kuituma maabara kwa posta. Mwaka 1963 jimbo la Massachusetts likaifanya kuwa lazima kwa kila mtoto. Leo nchi nyingi zinapima watoto wote kwa karatasi ile ile, na magonjwa yameongezwa hadi kufika makumi, selimundu ikiwemo.

Watoto waliopatikana mapema wakakua, wakasoma, wakafika vyuo vikuu. Ni moja ya ushindi mkubwa wa tiba kwa karne iliyopita. Lakini kuna sehemu ya pili ya hadithi hii ambayo haisimuliwi sana. Walipolinganishwa na ndugu zao wasio na ugonjwa, waliotibiwa mapema bado walikuwa nyuma kwa pointi chache, hasa kwenye wepesi wa kufikiri na kutuliza mawazo. Tena madaktari wa mwanzo waliamini mtoto akifika umri wa kuanza shule anaweza kuacha chakula maalumu, ubongo umeshakomaa. Wengi walioachishwa wakaanza kurudi nyuma, na mwaka 2000 jopo la wataalamu nchini Marekani likashauri kwamba matibabu yawe ya maisha yote.

Yaani ilibidi watibiwa wafuatiliwe hadi darasani na hadi utu uzima ndipo ionekane matibabu yalikuwa yanakosea wapi. Kama wangehesabu tu waliobaki hai na wasiolazwa, wasingejua.

Dawa ipo, tena ni ya zamani

Turudi kwetu. Mtoto mchanga mwenye selimundu haugui miezi sita ya mwanzo, kwa sababu bado ana himoglobini ya tumboni, ile aliyokuwa nayo kabla ya kuzaliwa, ambayo haijikunji. Ikiisha, ugonjwa unaanza. Dawa ya haidroksiyurea inafanya kitu kizuri ajabu: inaushawishi mwili kuendelea kutengeneza himoglobini ile ya utotoni. Marekani iliiruhusu kwa watu wazima mwaka 1998. Kwa Afrika kulikuwa na hofu kwamba, kwa malaria yetu na lishe yetu, ingeweza kudhuru. Utafiti uitwao REACH ukajibu. Watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale walipewa dawa hiyo, na matokeo yaliyotoka mwishoni mwa 2018 yalionyesha maumivu yamepungua, kuongezewa damu kumepungua, vifo vimepungua, na malaria pia imepungua, kitu ambacho wengi hawakukitarajia.

Kuhusu ubongo, kuna kipimo cha ultrasaundi ya kichwa kinachopima kasi ya damu kwenye mishipa mikubwa. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde, mtoto yuko kwenye hatari kubwa ya kiharusi. Tangu mwaka 1998 inajulikana kwamba mtoto huyo akiongezewa damu kila mwezi, hatari inashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Nani kwetu ana damu ya kumpa mtoto mmoja kila mwezi kwa miaka? Kwa hiyo watafiti wa Nigeria wametumia haidroksiyurea badala ya damu, na hapa Tanzania hospitali ya Bugando, Mwanza, kupitia utafiti wa SPHERE, imewapima watoto mishipa ya kichwa na kuwapa dawa hiyo waliokuwa na kasi kubwa. Kasi ilishuka.

Je, darasani inasaidia? Hapa tuwe wakweli kwa msikilizaji wetu. Ushahidi kwenye kiharusi ni mzito. Kwenye masomo ni mwepesi zaidi: kuna tafiti ndogo zilizoonyesha watoto wanaotumia dawa wakifanya vizuri kuliko wasiotumia, na mantiki yake inaeleweka, damu ikiwa nyingi ubongo unashiba. Uganda, Hospitali ya Mulago, wamelifuatilia swali hili hili kwa watoto wa Kampala. Tunachoweza kusema bila kusitasita ni kwamba kidonda cha ubongo kikishatokea, hakuna dawa inayokifuta. Kwa hiyo anayeanza akiwa na mwaka mmoja na anayeanza akiwa na miaka tisa hawapati kitu kile kile, hata kama kidonge ni kile kile.

Na hicho kidonge kina kero yake. Kilichozoeleka ni cha miligramu 500. Mtoto wa kilo 10 anahitaji 200 hivi kwa siku. Mzazi anajikuta anafungua kidonge, anakikoroga kwenye maji, anakadiria kwa jicho. Dozi ikizidi inashusha chembe nyeupe za damu, ndiyo maana kila baada ya muda mtoto hupimwa kipimo ambacho maabara zetu hukiita FBP. Mama wa Akheri mwenye mtoto wa hivi anajua maana yake: nauli, siku nzima, foleni, na kama bima haipo, fedha mkononi. Usajili wa mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi, kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ulisimamishwa Machi 2023 na watoto wakatakiwa kujiandikisha kupitia shule, kisha baadaye ukafunguliwa tena. Mtoto wa miaka miwili hana shule ya kujiandikishia. Sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na kwa familia hizi kipimo chake kitakuwa rahisi: je, haidroksiyurea na FBP vinapatikana kwa kadi, wilayani, kila mwezi?

Kuhusu tiba ya kuponya kabisa, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Ni hatua ya kujivunia, ila inahitaji ndugu anayelingana naye, na ni kwa wachache. Tiba mpya za kurekebisha vinasaba zilizoruhusiwa Marekani Desemba 2023 zinauzwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Tuziache hapo.

Mwalimu anaona nini

Kinachotuuma kuhusu Akheri ni jirani yake. Pale Patandi, umbali wa kutembea kwa mguu, ndipo kilipo chuo cha ualimu wa elimu maalumu ambacho kimewafundisha walimu wa nchi nzima namna ya kumsaidia mtoto asiyeona, asiyesikia na mwenye ulemavu wa akili. Mtoto wa selimundu haingii kwenye kundi lolote kati ya hayo. Anaona, anasikia, na akili anayo. Ni mchovu, anakosekana mara mbili au tatu kwa mwezi, na anachelewa kumaliza. Mwalimu ambaye hajaelezwa anaona uvivu na utoro. Tungependa kuona utaalamu wa Patandi ukivuka barabara na kuwafikia walimu wa shule za kawaida za Akheri, Nkoaranga na Poli kwa jambo hili mahususi, hata kwa semina ya siku moja.

Mambo yenyewe wala si makubwa. Figo za mtoto huyu haziwezi kubana mkojo, kwa hiyo anakunywa maji mengi na anaomba ruhusa ya kutoka mara nyingi. Akikatazwa anaacha kunywa maji, damu inakuwa nzito, maumivu yanaanza. Baridi nayo ni adui. Mwezi wa Juni na Julai, ukungu unaposhuka kutoka mlimani na watoto wanatembea alfajiri kwenda namba, sweta kwa mtoto huyu ni sehemu ya matibabu. Fimbo haifai kwa mtoto yeyote kwa maoni yetu, kwa huyu ni hatari. Na pale anapochelewa kumaliza mtihani, muda wa nyongeza ni haki yake, kama wapewavyo wanafunzi wengine wenye mahitaji maalumu.

Kwa upande mwingine, tusimpe kila mtoto wa selimundu jina la mzito wa kichwa. Wapo wengi waliofaulu, wapo madaktari na wanasheria. Wastani wa kundi haumwambii mzazi lolote kuhusu mtoto wake mmoja. Unamwambia tu kwamba akiona mabadiliko asiyapuuze: mtoto aliyekuwa anaandika vizuri na sasa mwandiko umeharibika, aliyekuwa anafuata maelezo na sasa anasahau katikati, matokeo yaliyoshuka ghafla ndani ya muhula mmoja. Hayo yapelekwe kliniki pamoja na daftari la shule. Tunasema daftari kwa makusudi, daktari akiona mwandiko wa Februari na wa Agosti anapata habari ambayo kipimo cha damu hakina.

Karatasi iko tayari wilayani

Kuna jambo moja la kiutendaji ambalo tunashangaa halizungumzwi. Ile karatasi ya Guthrie, yenye tone la damu lililokauka, haihitaji kuletwa kutoka ng'ambo kama kitu kipya. Iko kwenye kliniki zetu za mama na mtoto kwa miaka mingi. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya UKIMWI, akifika wiki sita huchomwa kisigino, damu inakaushwa kwenye karatasi, inasafirishwa maabara. Wauguzi wanaijua kazi hiyo.

Uganda waliona hilo mapema. Walichukua sampuli zile zile za UKIMWI zilizokwisha kusanywa, karibu 98,000, wakazipima selimundu, na kufikia 2016 walikuwa wamechora ramani ya nchi nzima: asilimia 0.7 ya watoto wana ugonjwa, 13.3 ni wabebaji. Watafiti wa Bugando wakafanya vivyo hivyo kwa watoto zaidi ya 17,000 wa mikoa ya Kanda ya Ziwa. Huko waliougua walikuwa asilimia 1.2, na mtoto 1 kati ya 5 alikuwa mbebaji. Dar es Salaam nako kulifanyika jaribio la kupima vichanga karibu 4,000, na 31 wakakutwa na ugonjwa. Hao 31 walipatikana kabla kidole kimoja hakijavimba.

Kwa mikoa ya Kaskazini hoja inayotolewa ni kwamba wagonjwa ni wachache, kwa hiyo kupima kila kichanga ni gharama. Tunaielewa hoja, hatukubaliani nayo yote. Ulaya wanapima kila mtoto kwa ugonjwa wa mmoja kati ya elfu kumi. Kama kuanza na wote ni kazi, kuna wa kuanza nao: wadogo wa mtoto aliyekwisha gunduliwa, na watoto ambao mzazi mmoja anajijua ni mbebaji. Hawa wanaweza kupimwa siku ya kuzaliwa pale hospitali ya wilaya Tengeru, Nkoaranga au Mount Meru kwa vipimo vya haraka ambavyo havihitaji mashine kubwa, vikiletwa.

Tahadhari kwa wazazi kuhusu kipimo. Maabara nyingi bado zinafanya kile cha zamani cha kutazama kama chembe zinajikunja. Kipimo hicho hakitofautishi mgonjwa na mbebaji, wote kinawaandika "chanya", na kwa mtoto chini ya miezi sita kinaweza kusema hana wakati anao. Tumekutana na familia zilizomlea mbebaji mzima kama mgonjwa, akinyimwa michezo. Ukipewa jibu la "chanya", uliza limetokana na kipimo gani, na omba rufaa ya kipimo kinachotaja aina ya himoglobini, AS au SS. KCMC Moshi iko saa mbili hivi kwa basi kutoka Tengeru.

Na ukiona mtoto wa selimundu, usiku au mchana, uso umepinda upande, mkono au mguu mmoja umelegea, maneno hayatoki, ana degedege au kichwa kinamuuma kuliko alivyowahi kuumwa, huo ni mwendo wa hospitali saa hiyo hiyo. Usimlaze usubiri asubuhi, na ukifika mlangoni anza kwa kusema ana selimundu.